Gavana Mwenye Jeshi la Anga: Tuwajue Walinzi wa Massachusetts



Gavana wetu hapa Pwani ana afisi, ana msafara wa magari, na ana kanjo wa kukimbizana na wachuuzi. Gavana wa jimbo la Marekani ana jeshi. Sitii chumvi. Kila jimbo kule lina Walinzi wa Taifa, wa nchi kavu na wa anga, na siku za kawaida amiri jeshi wao ni gavana.

Nimechagua jimbo la Massachusetts kwa sababu lina uhusiano nasi. Marekani ina mpango wa kuunganisha walinzi wa jimbo moja na jeshi la nchi rafiki. Ulianza 1993 kwa nchi za Baltiki, na tangu 2015 mshirika wa Kenya ni Massachusetts. Walinzi wake wamekuwa wakija kubadilishana ujuzi na jeshi letu. Isitoshe, mji wa Lowell katika jimbo hilo una Wakenya wengi, na sheria ya Marekani inamruhusu mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu kujiunga na walinzi hawa. Huenda mpwa wako ni mmoja wao.

Walikotoka

Walinzi wa Taifa huhesabu kuzaliwa kwao kuanzia tarehe 13 Desemba 1636, pale koloni la Massachusetts lilipoamuru wanamgambo wake wapangwe katika vikosi. Marekani yenyewe ilikuwa haijazaliwa.

Ndege zilikuja baadaye. Mwaka 1921 kiliundwa mjini Boston kikosi cha ndege za uchunguzi, na makao yake yakawa pale ambapo leo ni uwanja wa Logan. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kundi la ndege za kivita lililopigana Pasifiki kwa nambari 318 lilipewa nambari mpya, 102, na kukabidhiwa Massachusetts. Hiyo ilikuwa 1946. Mwaka uliofuata, Jeshi la Anga la Marekani lilipojitenga na jeshi la nchi kavu, Walinzi wa Anga nao wakatambuliwa rasmi.

Mabwana wawili

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Walinzi hawa wamekaa na fahali wawili miaka na mikaka. Mlinzi hula kiapo kwa katiba mbili, ya taifa na ya jimbo lake. Wengi wao ni raia wenye kazi zao, walimu, mafundi, marubani wa abiria. Hufanya mazoezi wikendi moja kila mwezi na wiki mbili kila mwaka.

Likija janga, gavana huwaita. Dhoruba kubwa ya theluji ilipoziba barabara za Massachusetts mwaka 1978, walinzi ndio waliotoka kufungua njia na kuokoa watu. Vikija vita, rais huwachukua na gavana hana usemi tena. Mwaka 1961, Ukuta wa Berlin ulipojengwa, Rais Kennedy, mwenyewe mzaliwa wa Massachusetts, aliwaita kazini. Kikosi cha 102 kilivuka Atlantiki hadi Phalsbourg, Ufaransa, na hakikurudi hadi 1962.

Mwaka 1968 kikosi kilihama Logan kwenda Otis, katika rasi ya Cape Cod. Kazi yake ikawa kuchunga anga la kaskazini mashariki, pamoja na kuzisindikiza ndege za Kisovieti zilizopita karibu na pwani ile.

Asubuhi ya Septemba 11

Ndege mbili zilizotekwa 2001 na kugongeshwa kwenye majumba ya New York ziliruka kutoka Logan, makao ya zamani ya kikosi hiki. Yapata saa 2:38 asubuhi waongozaji ndege wa Boston walipiga simu jeshini. Amri ya kuruka ilitoka saa 2:46, dakika ileile ndege ya kwanza ilipogonga. Marubani wawili wa Otis, Timothy Duffy na Daniel Nash, waliruka saa 2:53 kwa ndege aina ya F-15. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwaonyesha shabaha, walielekezwa kwanza kusubiri juu ya bahari. Ndege ya pili iligonga saa 3:03. Wao walifika juu ya Manhattan saa 3:25.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara naona jambo lilelile. Ndege za kasi zilikuwepo na marubani hodari walikuwepo. Kilichochelewa ni habari na amri.

Kutoka rubani hadi karani

Mwaka 2005 tume ya kupunguza kambi iliamua Otis ipoteze ndege zake. F-15 zilihamia kikosi cha 104 huko Westfield, magharibi mwa jimbo, na kufikia 2008 kikosi cha 102 kikageuzwa kuwa cha ujasusi. Waliokuwa wakitazama anga sasa wanatazama kompyuta.

Hata hapo balaa lilipata mlango. Aprili 2023 alikamatwa kijana wa miaka 21 wa kikosi hicho, Jack Teixeira, kwa kusambaza nyaraka za siri, zikiwemo za vita vya Ukraini, kwenye mtandao wa Discord. Kikosi kilisimamishwa kazi ya ujasusi kwa muda, Jeshi la Anga likawaadhibu watu 15, na Novemba 2024 kijana akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Wakubwa wake walikuwa wamemwona akichungulia yasiyomhusu, na hawakumzuia inavyostahili.

Yanatuhusu nini?

Sisi tunaishi jirani na wanajeshi wa Marekani. Kambi ya Manda iko Lamu, na tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab waliishambulia. Alikufa mwanajeshi mmoja wa Marekani wa nchi kavu na wanakandarasi wawili. Hao hawakuwa walinzi wa Massachusetts. Lakini uchunguzi wa Marekani wenyewe, uliotolewa 2022, ulikubali kwamba ulinzi wa kambi ulikuwa umezembea. Ni funzo lilelile la Otis: silaha zipo, macho yamelala. Na risasi zikilia Manda, mvuvi wa Lamu ndiye anayefungiwa bahari.

Naheshimu mpango wa ushirikiano. Jeshi lililozoea kuokoa watu wake kwenye theluji lina la kutufunza kuhusu mafuriko ya Tana. Ila mwenyeji ana haki ya kujua mgeni anaamrishwa na nani, na leo yuko chini ya fahali yupi. Raia wa Massachusetts anajua: akichukizwa, atamnyima kura gavana au rais.

Nasi tuna pa kushika. Kifungu cha 241 cha Katiba ya 2010 kinasema jeshi letu likitumwa kusaidia wakati wa janga, Bunge lipewe ripoti, na likitumwa kutuliza ghasia ndani ya nchi, Bunge liidhinishe kwanza. Basi mbunge wako akija kuomba kura, usimuulize habari ya barabara peke yake. Muulize ni lini mara ya mwisho alisimama bungeni kuuliza kuhusu wanajeshi walioko Pwani, wetu na wageni, na alijibiwa nini.