Majina Matatu

Januari, wiki ya kufungua shule, fundi wa kudarizi huweka cherehani yake nje ya duka la sare Mchafukoge na kuandika majina kwenye masweta. Swali lake ni moja: "Majina matatu?" Watoto hutaja bila kufikiri. Binti mmoja wa miaka kama tisa alitaja la kwanza, akanyamaza, akamwangalia mama aliyemleta. Mama naye akatupa macho barabarani, kama mtu anayetafuta bajaji. "Weka hilo hilo moja," akasema.

Siijui habari ya nyumba yao, na haikunihusu kuuliza. Ila ukimya ule ninaufahamu. Mtoto anayelelewa na asiyemzaa anaweza kushiba, kusoma, hata kupendwa sana, na bado jina la pili likamkwama kooni.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalimaliza jambo hili mahakamani. Mtoto akishaasiliwa anahesabika kana kwamba waliomwasili ndio waliomzaa, jina lao na urithi wao. Kwa mtoto aliyezoea kuhamishwa huko na huko, hiyo ni nanga. Lakini karatasi ile ile ya mahakama inafunga mlango wa ukoo wa kwanza, na wazazi wakishaipata huona siri ndiyo heshima. Siri yenyewe inadumu mpaka siku mama atakapogombana na jirani kwenye ngazi za ghorofa, na jirani akatamka "mtoto wa kuokota" mtoto akiwa amesimama palepale.

Uislamu ulishika njia nyingine. Zayd bin Haritha alitekwa akiwa mdogo, akauzwa, akafika nyumbani kwa Bibi Khadija na Mtume. Baba yake alipomfuata Makka kumkomboa, Zayd alipewa hiari, akachagua kubaki, na watu wakamwita Zayd bin Muhammad. Baadaye Sura ya Al-Ahzab ikaagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, naye akarudi kuwa bin Haritha. Katika darsa jambo hili hutajwa kama hukumu ya nasaba, kisha watu huendelea mbele. Mimi hukwama hapo. Huyu alichagua baba mbele ya watu, halafu jina likaondoka. Sura hiyo hiyo inamtaja Zayd, sahaba pekee aliyetajwa kwa jina katika Qurani, na wapo wanazuoni waliosema huko ndiko alikofidiwa.

Hiyo ndiyo misingi ya kafala, yaani kulea mtoto bila kumbadilishia nasaba, ambayo Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unaitaja na Sheria ya Watoto ya Zanzibar ya 2011 inaitambua. Mtoto hadanganywi kuhusu asili yake. Machungu huja baadaye, binti anapobalehe na kuambiwa ajistiri mbele ya mtu aliyekuwa akimrukia mgongoni na kumwita baba. Kuna dawa ya zamani: mtoto wa kike akichukuliwa kabla ya miaka miwili, dada wa baba mlezi humnyonyesha, mara tano kwa madhehebu ya Shafi, na baba mlezi anakuwa mjomba wake wa kunyonya. Maziwa yanafanya ambalo jina limekataa.

Kwenye mahekalu ya Kisutu, mwendo mfupi kutoka hapa, wanamjua Karna wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Wahindu. Mama yake Kunti alimweka kikapuni akamwachia mto, akalelewa na mwendesha magari ya vita na mkewe Radha. Siku ya mashindano ya silaha alitakiwa ataje ukoo wake, akainamisha kichwa. (Majina matatu, tena.) Vita ilipokaribia, mungu Krishna alimfunulia asili yake na kumwonyesha ufalme, Karna akakataa. Radha, alisema, alitokwa na maziwa kwa kumpenda. Ukweli ulimfikia akiwa ameshachelewa kuutumia.

Hata hivyo, watoto wengi ninaowaona mitaa hii hawana amri ya mahakama wala kafala. Wanakaa kwa shangazi, kwa mama mkubwa, kwa bibi. Walikuja baada ya msiba, au "kusoma". Hapa jina halifichwi. Kinachokosekana ni mtu wa kumuuliza mtoto lolote. Yatima hadeki, tunasema, na tunadhani tunamsifu. Binti wa ndugu anaanza kwa kusaidia vyombo, na bila siku yoyote kutangazwa anakuwa dada wa kazi anayemwita mwajiri wake shangazi. Kwangu hii ni nzito kuliko zote, maana hata malalamiko yake hayana pa kupelekwa: amshitaki nani, ndugu yake?

Kuna nyumba moja huwa napita kusalimia. Nguo za watoto wa mle zimejaa kabatini, nyingine zinaning'inia mlangoni. Za mtoto wa marehemu ziko kwenye begi nyuma ya mlango, zimekunjwa, zipu imefungwa. Kila asubuhi huifungua, hutoa sare, huifunga tena. Ana miaka miwili pale.