Meli ya Makaa na Vita vya Mto Rufiji

Historia ya vita hupenda majina makubwa. Majemadari hutajwa, manowari zenye mizinga hutajwa, na siku za ushindi huadhimishwa. Meli iliyobeba makaa ya mawe ili manowari iweze kutembea hupewa mstari mmoja tu, kisha husahauliwa. Lakini mwenye kuyachunguza mapigano ya baharini yaliyotokea katika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1914 na 1915 ataona kwamba kila jambo kubwa lililotokea lilitokana na makaa: kuwako kwake, kukosekana kwake, au habari zake kuangukia mikononi mwa adui.

Siku hizi lori la askari linaloondoka Wandegeya kushika Barabara ya Bombo hujazwa mafuta kwa dakika chache. Kwa manowari ya mwaka 1914 haikuwa hivyo. Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, chini ya nahodha wake Max Looff, ilikuwa na uwezo wa kuweka katika maghala yake zaidi ya tani 800 za makaa ya mawe. Makaa hayo yalipakiwa kwa majembe, magunia na mikono ya watu, tena bahari ikiwa shwari. Ilipokwenda mwendo wa kadiri, makaa yalitosha kwa safari ndefu. Ilipokimbia kwa nguvu zake zote, matanuri yaliyameza makaa kwa haraka mno, na wachochea moto walichoka kabla ya maghala kuisha. Manowari bila makaa ni ngome isiyo na mlango. Haiwezi kushambulia wala kukimbia.

Waingereza walikuwa na bandari za kupakia makaa kutoka Bombay na Aden hadi Mombasa, Zanzibar na Afrika Kusini. Wajerumani walikuwa na pwani ya koloni lao la Afrika Mashariki tu. Bandari za nchi zisizopigana hazikuwa msaada mkubwa, kwa maana sheria za vita vya baharini zilizokubaliwa huko The Hague mwaka 1907 ziliweka mpaka wa muda ambao manowari yaweza kukaa humo, na wa kiasi cha makaa ambayo yaweza kupewa. Kwa hiyo Königsberg ilipoondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai, 1914, siku chache kabla ya vita kutangazwa baina ya Uingereza na Ujerumani, maisha yake yalikuwa mikononi mwa meli nyingine, ya kawaida kabisa, iliyoitwa Somali.

Somali ilikuwa meli ya mizigo ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie. Haikujengwa kwa vita na haikuwa na sifa ya mbio. Kazi iliyopewa ilikuwa moja: kupakia makaa Dar es Salaam, kutoka kimya kimya, na kukutana na manowari mahali palipopangwa. Wakati huohuo Waingereza walielewa upesi kwamba njia rahisi ya kuiua Königsberg ni kuinyima moto wa matanuri yake. Wakanunua makaa yaliyokuwako katika bandari za Wareno za Afrika Mashariki, ili mawakala wa Kijerumani wasipate cha kununua. Tarehe 8 Agosti manowari ya Astraea ilipiga mizinga mtambo wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Wajerumani wenyewe wakazamisha gati lao linaloelea katika mlango wa bandari, wakihofia kuingiliwa. Kwa kitendo hicho walimfungia adui mlango, lakini pia waliifungia manowari yao isirudi nyumbani.

Tarehe 6 Agosti Königsberg iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester karibu na pwani ya Oman. Ilikuwa meli ya kwanza ya biashara ya Kiingereza kutekwa katika vita hivyo, na ilibeba chai. Kwa Wajerumani, mali ya thamani zaidi ndani yake haikuwa chai bali makaa yaliyokuwa katika maghala yake. Ilipelekwa visiwa vya Kuria Muria, ikanyang'anywa makaa, ikazamishwa. Hata hivyo makaa yale yalikuwa ya ubora hafifu, nayo hayakutosha. Siku zilipopita, manowari iliyotakiwa kuwinda ilikuwa inazurura baharini ikimtafuta mchukuzi wake. Hatimaye Somali ilikutana nayo karibu na Ras Hafun, katika pwani ya Wasomali, wakati maghala yalipokuwa karibu kuwa matupu. Laiti meli ile ya mizigo ingalichelewa siku chache zaidi, habari za Königsberg zingalikomea hapo.

Mapema mwezi wa Septemba manowari na meli yake ya makaa ziliingia katika mikondo ya Mto Rufiji, zikajificha kwenye mikoko karibu na Salale. Makaa zaidi yaliletwa kutoka Dar es Salaam kwa matishari yaliyojipenyeza kando ya pwani. Kwa makaa hayo Königsberg ilitoka, na alfajiri ya tarehe 20 Septemba, 1914 ikaishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika mbali ilikokuwa Königsberg. Mabaharia wengi waliuawa na kujeruhiwa, na Pegasus ikazama siku hiyohiyo.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini haukuwa na mwisho mwema. Mtambo wa Königsberg uliharibika wakati wa kurudi. Vyuma vyake vilifunguliwa na kuburutwa na wapagazi kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha vikarudishwa kwa njia ileile. Manowari ikabaki imelala mtoni huku adui akiisaka pwani nzima.

Waingereza walijuaje ilikojificha? Hapa ndipo askari na polisi wanapopaswa kutega sikio. Mwezi wa Oktoba manowari ya Chatham iliikagua meli ya Kijerumani Präsident huko Lindi, iliyodai kuwa meli ya hospitali. Katika karatasi zilizopatikana ndani yake mlikuwamo habari za matishari ya makaa yaliyopelekwa Salale kwa ajili ya Königsberg. Karatasi ya hesabu ya makaa, ambayo karani aliiandika kwa uaminifu na hakuiteketeza, ilifanya kazi ambayo wapelelezi na manowari hawakuweza kuifanya kwa majuma mengi. Tarehe 30 Oktoba walinzi wa Chatham waliiona milingoti ya Königsberg na Somali nyuma ya mikoko. Meli ya makaa iliyoiokoa manowari Ras Hafun sasa ilikuwa alama ya kumwonyesha adui mahali pa kulenga.

Kwa kuwa Somali ilikuwa imekaa karibu zaidi na bahari, ndiyo iliyopata pigo la kwanza. Katika siku za mwanzo za Novemba mizinga ya Chatham iliifikia, ikashika moto, ikateketea. Huduma yake ya vita ilikuwa ya miezi mitatu tu. Haikupiga risasi hata moja. Tarehe 10 Novemba Waingereza nao wakaitumia meli yao ya makaa, Newbridge, kwa namna isiyo ya kawaida: waliiingiza katika mkondo wa Suninga chini ya risasi kutoka kingo zote mbili, wakaizamisha ili iwe kizibo. Lakini delta ya Rufiji ina mikondo mingi, na kizibo kimoja hakikuifunga yote. Königsberg ikapanda juu zaidi mtoni.

Berlin haikukata tamaa. Tarehe 18 Februari, 1915 meli nyingine ya makaa iliondoka Wilhelmshaven. Jina lake la asili lilikuwa Rubens, meli ya Kiingereza iliyokamatwa Hamburg vita vilipoanza. Sasa ilipeperusha bendera ya Denmark, ikaitwa Kronborg, na nahodha wake, Carl Christiansen, alichagua mabaharia waliojua Kidenmaki. Ilibeba zaidi ya tani 1,500 za makaa kwa ajili ya Königsberg, na pamoja nayo bunduki, yapata 1,800, na mamilioni ya risasi kwa jeshi la nchi kavu la Paul von Lettow-Vorbeck. Ilizunguka kaskazini mwa Uingereza, ikashuka Atlantiki, ikapita Rasi ya Tumaini Jema, ikafika Afrika Mashariki bila kukamatwa.

Tarehe 14 Aprili, 1915 manowari ya Hyacinth iliikuta karibu na Tanga. Katika mbio hizo mtambo mmoja wa Hyacinth uliharibika, na Christiansen akapata nafasi ya kuingia Ghuba ya Manza. Hapo aliipandisha meli mchangani, akaifungulia maji yajae katika shehena, na juu ya sitaha akawasha moto. Mabaharia wa Kiingereza waliopanda melini waliona moto mkubwa wasioweza kuuzima. Wakaondoka, mizinga ikapigwa, na Hyacinth ikaenda zake kwa kuamini kwamba shehena yote imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Maji yaliyoingia ndiyo yaliyoilinda shehena isiungue. Wajerumani na watu waliowatumikisha walipiga mbizi, wakatoa bunduki na masanduku ya risasi, wakazianika na kuzisafisha kwa muda mrefu. Makaa hayakuifikia Königsberg kamwe. Lakini silaha zililifikia jeshi ambalo, katika mapigano ya Jassin mwezi wa Januari mwaka uleule, lilikuwa limetumia risasi zipatazo 200,000 na kuona kwamba haliwezi kuendelea kupigana namna hiyo. Adui aliyekuwa karibu kuishiwa akapata pumzi mpya kwa sababu hakuna aliyerudi kuikagua meli iliyodhaniwa imekufa.

Königsberg, kwa upande wake, ilikuwa imehukumiwa. Tarehe 6 na tarehe 11 Julai, 1915 manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikiongozwa na ndege zilizotazama mahali mizinga ilipoanguka. Siku ya pili Looff aliamuru manowari yake iangamizwe. Mizinga yake 10 ilitolewa mtoni, ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmojawapo umewekwa katika Ngome ya Yesu huko Mombasa. Vita vya Lettow-Vorbeck viliendelea hadi alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba, 1918.

Mafunzo ya habari hii yako wazi. Kwanza, mpango wa ugavi hutangulia mpango wa mapigano. Königsberg ilikuwa na mizinga bora na nahodha hodari, lakini haikuwa na mahali pa kupata makaa kwa hakika. Pili, karatasi ya ghala ni siri ya kijeshi sawa na ramani ya vita. Orodha ya mafuta, ya magari au ya chakula humweleza adui kikosi kipo wapi na kinakusudia nini. Tatu, kazi haijaisha kwa kuona moshi. Polisi anayelifunga faili kabla ya kukagua mahali pa tukio, na askari anayehesabu ushindi kabla ya kulifikia ghala la adui, wote wawili wanarudia kosa la Ghuba ya Manza.

Liko jambo la nne, nalo ni zito kuliko yote. Makaa, vyuma, mizinga na risasi za vita hivyo vilibebwa na Waafrika. Vita havikuwa vyao, na kwa upande wowote ule walilazimishwa kwa maelfu kubeba mizigo hadi wakafa kwa njaa, uchovu na maradhi. Watu wa Uganda walikuwa miongoni mwao, pamoja na askari wa King's African Rifles. Jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, limebaki hadi leo katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Manowari zina vitabu vyake. Wapagazi wana majina ya masoko mawili.

Kwa hiyo ofisa anayeandika amri ya safari na ahesabu pia migongo itakayobeba mzigo huo, chakula chao, dawa zao na mapumziko yao. Jeshi lisilomjali mchukuzi wake hujikata miguu lenyewe. Na askari wa bohari, dereva wa lori la maji na karani wa mafuta wasijione kuwa wako nyuma ya vita. Katika mwaka 1914 manowari nzima ilingoja baharini, matanuri yakipoa, ikitazama upeo wa macho uone moshi wa meli moja ya makaa.