Salima Machamba, malkia wa Mwali aliyezeekea shambani Ufaransa

Salima Machamba alizaliwa mwaka 1874 Fomboni, mji mkuu wa Mwali, kisiwa kidogo cha Komoro. Babu yake, Ramanetaka, alikuwa mkuu wa Kimerina aliyekimbia Madagaska baada ya kifo cha mfalme Radama wa Kwanza, akasilimu na kuutwaa utawala wa Mwali. Mama yake, Jumbe Fatima, alirithi kiti akiwa mtoto. Naye alipofariki mwaka 1878, Salima hakuwa hata na miaka minne.

Wengi humsimulia Salima kama binti aliyepoteza ufalme kwa sababu ya mapenzi. Huko ni kumwonea. Kisiwa kilianza kuponyoka kabla hajazaliwa.

Mwaka 1865 Jumbe Fatima alitia sahihi mkataba na Joseph Lambert, mfanyabiashara Mfaransa aliyekwisha kujipatia mkataba mnono kule Madagaska. Lambert akapewa haki ya kulima ardhi ya kisiwa. Watawala wa Mwali walipotaka kuuvunja mkataba huo, Ufaransa ilituma manowari, na mwaka 1867 malkia akaachia kiti kwa muda.

Msomaji wa Makina, hapa Kibra jijini Nairobi, hana haja ya kuelezwa uzito wa karatasi ya ardhi. Mababu wa Wanubi, askari wa King's African Rifles, waliwekwa Kibra na Waingereza bila hati, na wazao wao wakangoja hadi 2017 kukabidhiwa hati ya ekari 288. Hapa Kibra karatasi ilikosekana. Kule Mwali karatasi iliandikwa, lakini ikamnufaisha mgeni.

Mwaka 1886 Mwali ikawekwa chini ya himaya ya Ufaransa. Salima alipotawazwa mwaka 1888, akiwa na miaka 13, wengine ndio walioamua kwa jina lake. Alipelekwa kisiwa cha Réunion, mbali na watu wake, na huko mwaka 1901 akaolewa na Camille Paule, askari wa jandarmeri wa Ufaransa. Serikali iliyomtenga na kwao ndiyo iliyofaidika na ndoa hiyo: malkia aliyeolewa na Mfaransa na kuishi ng'ambo hakuwa tena kizuizi. Cheo chake kilikoma mwaka 1909, na sheria ya Julai 1912 ikaifanya Mwali koloni, pamoja na visiwa jirani vya Ngazija na Nzwani. Miaka miwili baadaye visiwa vikaambatanishwa na Madagaska.

Wakati huo Salima aliishi na Paule, ambaye sasa alikuwa mkulima, huko Haute-Saône, mashariki mwa Ufaransa, akilea watoto kwenye baridi ambayo Fomboni haiijui. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayostahili heshima kuliko zote. Alinyang'anywa nchi akiwa kijana, akajenga nyumba ugenini na kuisimamia.

Alifariki Pesmes, huko huko Haute-Saône, mwaka 1964, akiwa na miaka 89. Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Mwali ikawa sehemu ya taifa hilo jipya.