Ujira wa Mwalimu wa Mapigano: Takeda na Yamashita

Katika mapokeo ya kale ya sanaa za mapigano nchini Japani, fedha aliyopewa mwalimu haikuitwa mshahara bali sharei, yaani tunzo la shukrani, kwa kuwa elimu hiyo ilihesabiwa kuwa haina bei. Dhana hiyo haiko mbali na kilemba ambacho, kwa desturi ya Waswahili, mwanagenzi alimpa fundi wake alipohitimu. Lakini shukrani isiyo na kiasi kilichokubaliwa humwacha mwanafunzi akikisia na mwalimu akingoja, na ugumu huo waonekana wazi katika maisha ya Takeda Sokaku.

Takeda, aliyezaliwa Aizu mwaka 1859 na kuueneza mtindo wa Daito-ryu, hakuwa na ukumbi wa kudumu. Alizunguka mji hadi mji akiwafundisha polisi, mahakimu na watu wenye uwezo, kisha akaondoka. Alisafiri na madaftari ya aina mbili: eimeiroku, ambamo kila mwanafunzi aliandika jina lake na kupiga muhuri, na shareiroku, ambamo fedha iliyotolewa iliandikwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba Takeda hukumbukwa kuwa mtu asiyejua kuandika, hivyo walioandika walikuwa wanafunzi wenyewe, na kila hesabu ikabaki na ushahidi wa mkono wa mlipaji.

Mwaka 1915, mjini Engaru katika kisiwa cha Hokkaido, Takeda alimpata mwanafunzi aliyekuja kuwa mashuhuri kuliko wote, Ueshiba Morihei, mwasisi wa aikido. Masimulizi ya jamaa za Ueshiba yanasema kwamba alitoa kati ya yeni 300 na 500 kwa kila mbinu, akampikia mwalimu wake na kumtayarishia maji ya kuoga, na alipohama mwaka 1919 akamwachia nyumba yake ya Shirataki. Mwaka 1922, huko Ayabe, Takeda alimpa cheo cha kyoju dairi, yaani mwalimu wakili, kwa sharti la kulipa yeni 3 kwa kila mwanafunzi mpya atakayemwandikisha. Sharti hilo lilikuwa dogo kwa kiasi lakini kubwa kwa maana, kwa sababu halikuwa tena malipo ya somo bali ya haki ya kufundisha, na mtu aliyekwisha kutoa mali na jasho aliweza kuona kwamba deni lake halina mwisho, ilhali mwalimu aliweza kuona, kwa haki vilevile, kwamba elimu yake inaendelea kuzaa mikononi mwa mwingine. Uhusiano wao ulipoa baadaye, na fedha ni miongoni mwa sababu zinazotajwa.

Upande wa pili wa bahari, utaratibu ulikuwa wa mkataba. Yamashita Yoshiaki, mwanafunzi wa awali wa Kodokan, shule ya judo iliyoanzishwa na Kano Jigoro mwaka 1882, alifika Marekani mwaka 1903, akamfundisha Rais Theodore Roosevelt mwaka uliofuata, na mapema mwaka 1905 akaajiriwa na Chuo cha Wanamaji cha Annapolis kwa dola 1,666 za miezi 6. Kiasi hicho kilikuwa kizuri, na kila upande ulijua unachotoa na unachopata. Hata hivyo msaidizi wake alilipwa kutoka katika fedha hiyohiyo, na hapo ndipo mkataba ulipopungukiwa, kwa maana judo haifundishwi na mtu mmoja: ili darasa lione jinsi mguu unavyofagiliwa na bega linavyogeuka, lazima awepo wa kuangushwa, ainuke, ashikwe tena ukosi wa koti na kuangushwa upande wa pili. Chuo kiliposita kuuendeleza mkataba, Roosevelt aliingilia kati kupitia waziri wa jeshi la majini, na Yamashita akarudishwa kazini, akafundisha hadi mwaka 1906.