Jinsi ruta mbili zinavyopokezana zamu ili mtandao usikatike

RUTA moja inapozimika katika hospitali, benki au afisi ya serikali, kazi nyingi husimama papo hapo. Daktari hawezi kufungua rekodi za mgonjwa, karani hawezi kupokea malipo, na foleni hurefuka hadi nje.

La kushangaza ni kwamba hali hii yaweza kutokea hata mahali palipo na ruta mbili. Kununua kifaa cha akiba ni jambo moja. Kuhakikisha kwamba kitashika zamu chenyewe ni jambo jingine.

Ruta ni kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani wa afisi na mitandao mingine, ikiwemo intaneti. Kwa kawaida, kila tarakilishi hupewa anwani ya lango moja tu, yaani ruta itakayopokea data yote inayokwenda nje.

Lango hilo likifa, tarakilishi huendelea kutuma data huko huko, hata kama ruta ya pili iko nzima kando yake.

Ili kuondoa udhaifu huo, wataalamu walibuni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, zinazoziwezesha ruta kadhaa kujitambulisha kama moja.

Kampuni ya Cisco ya Marekani ilibuni HSRP, ambayo maelezo yake yalichapishwa Machi 1998. Mwezi uliofuata, IETF, jopo la wahandisi linaloandaa kanuni za intaneti, lilitoa VRRP, iliyokusudiwa ruta za kampuni mbalimbali. Toleo la 2010 liliongeza anwani za IPv6, na maelezo yake yakasahihishwa tena mwaka wa 2024.

Je, itifaki hizi hufanyaje kazi?

Chukua mfano wa afisi yenye ruta mbili, moja ikiwa na anwani 192.168.1.2 na nyingine 192.168.1.3. Msimamizi wa mtandao huzipa anwani ya tatu ya pamoja, 192.168.1.1, na tarakilishi zote huelekezwa kwa hiyo ya tatu.

Katika VRRP, kila ruta hupewa alama za kipaumbele kati ya 1 na 254, na isipobadilishwa huwa na 100. Yenye alama nyingi zaidi ndiyo kiongozi, nayo hupokea data yote inayotumwa kwa anwani ya pamoja.

Kiongozi hutangaza kila sekunde moja kwamba yu hai. Ruta ya akiba ikikosa tangazo hilo kwa zaidi kidogo ya sekunde tatu, hutwaa anwani ya pamoja na kuendelea na kazi. Kwa HSRP, matangazo hutolewa kila sekunde tatu na mrithi husubiri sekunde 10, isipokuwa msimamizi apunguze muda huo.

Watumiaji hawahitaji kubadilisha chochote katika tarakilishi zao. Wengi hata hawatambui kwamba ruta imebadilika.

Hata hivyo, kinga hii ina mipaka yake.

Mnamo Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na kuvuruga intaneti nchini Kenya na mataifa jirani. Katika hitilafu ya aina hiyo, ruta iliyo afisini huwa nzima na huendelea kujitangaza, hivyo ile ya akiba haioni sababu ya kuingilia kati.

Dawa yake ni kuiagiza ruta kupima mara kwa mara iwapo anwani fulani ya mbali inafikika. Ikikosa jibu, hujipunguzia alama na kumwachia mwenzake uongozi. Hilo litafaa tu iwapo ruta ya pili inatumia njia tofauti ya kutokea nje.

Vivyo hivyo, ruta mbili zinazotegemea soketi moja ya umeme zitazimika pamoja.

Hatari nyingine ni mawasiliano kati ya ruta zenyewe kukatika. Kila moja hudhani mwenzake amekufa, na zote mbili hujitwalia uongozi. Hapo mambo huwa kama wahenga walivyosema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Data hupotea ovyo.

Aidha, VRRP ya sasa haina njia yake ya kuthibitisha utambulisho. Kifaa cha mgeni kilichochomekwa katika mtandao wa ndani chaweza kudai uongozi. Ndiyo maana soketi za mtandao hazifai kuachwa wazi kwa kila mpita njia.

Zaidi ya yote, mpango huu haufai kuaminika kabla ya kujaribiwa. Msimamizi achague saa isiyo na shughuli, aizime ruta kiongozi na kuangalia kama kazi zinaendelea. Kisha aiwashe tena na kuhakikisha kwamba uongozi unarudi inavyotakikana.

Ni heri kasoro igunduliwe usiku huo kuliko siku ambayo mgonjwa anasubiri kitandani.