Borne: jiwe fupi, neno la mbali na mupaka wa parcelle

Borne ni jiwe ao nguzo fupi ya beto yenye kusimikwa mu udongo juu ya kuonyesha mahali kitu kinaishia: parcelle, kilometre ya barabara, hata inchi. Mu Mumosho, groupement ya chefferie ya Kabare, kusini ya Bukavu, neno hili linarudi kila mara mutu anapouzisha ao kununua kiwanja. Na mara mingi, kesi za majirani zinaanzia pale: borne ilikuwa wapi, na nani aliiona ikiwekwa?

Neno moja, kazi mingi

Borne ni neno la Kifaransa. Borne ya parcelle inaonyesha kona za kiwanja. Borne ya kilometre inamuhesabia musafiri njia yake. Borne-fontaine ni bomba ya maji ya watu wote. Iliitwa vile sababu bomba za zamani za barabarani mu Ufaransa zilifanana na nguzo fupi.

Mu miji ya zamani ya Ulaya, borne iliwekwa pia pa kona ya nyumba, juu magurudumu ya magari ya farasi yasikwaruze ukuta. Kule Uingereza, mizinga ya vita iliyozeeka ilipandwa mu udongo, mudomo ukiangalia juu, ikakuwa nguzo za kuzuia magari kupanda kwenye njia ya watu wa miguu.

Maneno haya yanatoka wapi?

Watu wengi wanasemaka kama maneno yote ya Kifaransa yalitoka mu Kilatini cha Roma. Borne ina njia ingine. Makarani wa Ulaya wa miaka ya kati waliandika bodina mu Kilatini chao, na wenye kuchunguza maneno wanaona kama walilipata kwa Wagaulois, watu waliokaa mu Ufaransa mbele Waroma wafike. Waroma wenyewe waliita jiwe la mupaka terminus. Njo maana mahali basi inamalizia safari panaitwa terminus.

Lakini maneno yenye kutembea pamoja na borne ni ya Kigriki na Kilatini:

Géomètre: Kigriki gê (udongo) na metron (kipimo). Ni mwenye kupima udongo.

Parcelle: inatoka kwa Kilatini pars, sehemu. Ni kisehemu kidogo.

Hectare: Kigriki hekaton (100) na Kilatini area (uwanja wazi). Luga mbili mu neno moja. Hectare 1 ni are 100, ni kusema metre carré 10 000.

Cadastre: Kigriki katastikhon, "mustari kwa mustari", neno lililopita Italia mbele ya kufika Ufaransa. Ni kitabu chenye kuandikwa mashamba yote, moja nyuma ya ingine.

Jiwe na mashahidi

Wagriki waliita jiwe la mupaka horos, na kwao neno horizon lilizaliwa: mupaka wa macho. Mu Athens kunapatikana mawe ya zaidi ya miaka 2 400 yenye kuandikwa kama vile jiwe lenyewe linasema na kujitambulisha kuwa ni mupaka wa soko.

Waroma walifanya Terminus kuwa mungu. Tarehe 23 Februari ya kila mwaka, majirani wa pande mbili walikutana pa jiwe, kila mumoja upande wake, wakatoa sadaka na kula pamoja. Kila mwaka, basi, wote wawili walikuwa wanaona tena mahali jiwe liko.

Mu Bushi, desturi ya kalinzi nayo inategemea watu. Mutu anatolea mwami ao mwenye kumuwakilisha ngombe ao kitu kingine, na anapata haki ya udongo yenye watoto wake wanaweza kuriti. Mupaka unaweza kuwa muti, mufereji ao ukumbusho wa wazee. Wazee wakifariki, mashahidi wanapungua.

Sheria inasema nini

Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kama udongo ni wa Serikali, na mutu anapewa concession. Haki yake inahakikishwa na certificat d'enregistrement. Udongo wa desturi, sheria hiyo iliuachia ordonnance ya Rais, na watu waliingojea miaka mingi. Njo maana karatasi ya desturi na certificat vinaweza kukutana pa kiwanja kimoja.

Code pénal nayo inaazibu mutu mwenye kungoa ao kusogeza borne ya mwenzake kwa nia mbaya.

Kwa hiyo borne peke yake haitoshi. Usiku mumoja na jembe moja vinaweza kuisogeza. Inapata nguvu ikipatana na mustari wake mu kitabu, na ikiwa majirani wanaijua. Mbele ya kutoa franga, munaweza kufanya hivi:

Muzunguke parcelle yote muchana, pamoja na majirani wa kila upande, na muhesabu bornes.

Mulinganishe na croquis ya procès-verbal de mesurage et bornage: hesabu ya bornes na urefu kati yao.

Muende pa bureau ya conservateur des titres immobiliers muulize kama parcelle ile imeandikwa, na kwa jina la nani.

Kama borne moja haiko pa nafasi yake, museme mapema. Certificat ikiisha kutoka, kuipindua mbele ya tribunal ni kazi ngumu sana.

Inchi pia zina bornes. Mu 1911, Wabeleji na Wajerumani walisimika bornes kaskazini ya Goma juu ya kutenga Kongo na Rwanda. Ku Mumosho hawakuhitaji mawe: mupaka ni maji ya Ruzizi, yenye leo kuzungusha mashine za Ruzizi II, barrage ya inchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi.