Posta Kuu ya Dublin kwenye Stempu

Posta Kuu ya Dublin, kazi ya msanifu Francis Johnston, ilifunguliwa mwaka 1818. Mbele ina nguzo sita za mawe, na juu ya paa zimesimama sanamu tatu.

Wakati wa Maasi ya Pasaka ya 1916, wapigania uhuru wa Ayalandi waliifanya makao makuu yao. Moto uliteketeza ndani, lakini ukuta wa mbele haukuanguka. Jengo lilikarabatiwa, likafunguliwa tena mwaka 1929.

Stempu hii ya peni 2½ ilitolewa mwaka 1941 kuadhimisha miaka 25 ya maasi hayo. Mpiganaji mwenye bunduki yuko mbele. Tazama nyuma yake uzione nguzo zilizonusurika.